Kamio ya Jeshi kwa Mahindi Yetu: Tulivyoichagua na Tulivyoitayarisha



Tangu mvua ziishe, makundi ya Ruashi, Katuba na Kenya yanatuuliza swali moja: ile kamio yenu ya zamani ya jeshi mliichagua namna gani, na mliifanyia nini hata ikapita kwenye matope? Wengine wanataka kununua ya kwao. Wengine wanapanga kamio za watu na wamechoka kulala njiani. Tumeona heri tuwajibu wote kwa pamoja humu, hatua kwa hatua kama somo la darasani. Mtusamehe harufu ya chaki ikisikika, nusu yetu ni walimu.

Kwa nini kamio, na kwa nini ya jeshi

Sisi ni makundi mawili ya likelemba yaliyoungana: walimu wa shule, na wamama wanaouza sokoni. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kwa miaka mingi tunaweka pesa pamoja, tunanunua mahindi, maharagi na karanga katika vijiji vya upande wa Kasenga, tunakuja kuuza hapa Lubumbashi. Faida hiyo inalipa minervale ya watoto, kodi ya nyumba na dawa.

Mahindi ya kwetu yanaanza kuvunwa mwezi wa nne na wa tano. Wakati huo kila mtu anayo, na bei iko chini. Bei inapanda mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, ghala zinapobaki tupu. Lakini miezi hiyo ndiyo ya mvua. Barabara kubwa bado inapitika, lakini ukiiacha na kuingia njia za vijiji, udongo mwekundu unageuka sabuni, na karibu na mito udongo mweusi unashika gurudumu kama bukari inavyoshika mwiko.

Basi mahindi yanabaki kijijini, yanaliwa na wadudu au yanapata unyevu, na sisi huku mjini tunangojea bunga itoke Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mkubwa, mpaka serikali yake ikatangaza janga la taifa. Kila mama aliyekwenda sokoni na meka yake mkononi aliona matokeo. Mahindi yetu wenyewe yalikuwa yamelala nyuma ya matope.

Kamio za kawaida tulizijaribu sana. Msimu mmoja, kamio tuliyopanga ilizama siku tatu katika bonde. Wamama wanne, mmoja na mtoto anayenyonya, walilala chini yake. Mifuko kumi na miwili ilioza. Mwenye kamio akadai tumlipe pia hizo siku tatu za kukaa, na tulimlipa, maana bila yeye mifuko mingine nayo isingetoka. Baada ya hapo tuliketi na kusema: pesa tunazowapa watu kila mvua, kwa nini zisinunue chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya matope?

Chombo hicho kipo. Majeshi ya Ulaya na ya Marekani yanapobadilisha magari, ya zamani yanauzwa kwa raia. Ujerumani wana shirika lao la kuuza mali ya serikali isiyohitajika, linaitwa VEBEG, nalo liko tangu 1951. Gari la jeshi linaweza kuwa na miaka mingi lakini kilometa chache, kwa sababu lilikaa sana ghalani. Na liliundwa kupita pasipo na barabara: chini pamenyanyuka, na moteri inasukuma magurudumu yote, ya mbele na ya nyuma.

Hesabu ya kisigino

Kabla ya kutazama gari lolote, tulifanya somo moja kati yetu, na tunawashauri mlifanye nanyi. Mama akivaa viatu vya kisigino kirefu akapita kwenye matope, kisigino kinazama. Akivua viatu akapita miguu wazi, hazami sana. Uzito wake haujabadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa mahali unapokaa uzito huo.

Kamio ni vilevile. Chukua kamio yenye tani 10, gari na mzigo pamoja, inayosimama juu ya magurudumu manne. Kila gurudumu linabeba kama tani 2 na nusu. Mpira ukiwa na upepo wa kilo 6, kama wanavyosema watengenezaji wa mipira, alama yake chini ni ndogo kama kisigino. Ukitoa upepo mpaka kilo 3, mpira unalala, na alama inakaribia kuwa kubwa mara mbili. Kamio ni ileile, shofere ni yuleyule, lakini sasa inapita ilipokuwa inazama.

Kwa hiyo mambo mawili yanashinda nguvu ya moteri: uzito mdogo, na mpira unaolala vizuri chini. Moteri yenye nguvu ndani ya kamio nzito yenye mipira migumu inafanya kazi moja tu, kuchimba shimo haraka.

Jeshi lenyewe linajua jambo hili. Kamio ya Marekani inayoitwa M35, iliyoanza kutengenezwa 1950, inaitwa kamio ya tani 2 na nusu. Watu wanashangaa, maana ni kubwa kuliko jina lake. Sababu ni kwamba jina linahesabu mzigo wa nje ya barabara: kilo 2,268. Kwenye barabara nzuri iliruhusiwa kubeba mara mbili yake, kilo 4,536. Kwa mifuko ya kilo 50, ni mifuko 45 porini na mifuko 90 kwenye lami. Mjulishe kila mtu katika kundi lenu hesabu hii kabla hamjatoa faranga moja, kwa sababu ndiyo itakayoleta ugomvi baadaye. Tutairudia.

Tulizotazama

Tulitafuta fundi mekanisiani wetu wenyewe, mtu asiyemjua muuzaji, tukamlipa siku zake. Tukaenda naye kutazama kamio nne katika viwanja mbalimbali.

Ya kwanza ilikuwa Unimog 404, ndogo na nzuri kama toy ya mtoto. Ilitengenezwa kati ya 1955 na 1980. Ponti zake, yaani vyuma vinene vinavyoshika magurudumu kushoto na kulia, zimewekwa juu kuliko kitovu cha gurudumu, kwa hiyo tumbo la gari liko mbali na matope. Watoto wetu wangeipenda. Lakini moteri yake inakunywa esanse, tena nyingi, na kijijini esanse inauzwa kwa bidoni kwa bei ya mwenye kuuza. Mzigo wake nao ni mdogo. Tuliiacha.

Ya pili ilikuwa Magirus ya magurudumu sita, yote yanasukumwa. Moteri yake inapozwa na upepo, haina radiateri, na hilo ni jambo zuri kwa nchi ya vumbi na maji ya shida. Ingebeba mifuko yetu yote. Tatizo ni uzito wake ikiwa tupu. Tuliwaza yale madaraja ya magogo kwenye njia za vijiji. Kamio inayopita matope yote halafu ikavunja daraja la kijiji imewafungia njia hata wenye baiskeli na wagonjwa.

Ya tatu ilikuwa MAN ya ukoo unaoitwa KAT1, ulioanza kutumika katika jeshi la Ujerumani mwaka 1976. Ni gari la ajabu kweli. Lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wetu, na fundi alituuliza swali moja tu: "Wamama, kifaa kikivunjika, mtakinunua wapi?" Tulipiga simu kwa wauza vifaa wa mjini. Hakuna aliyetuahidi.

Ya nne ilikuwa MAN 630, ya kizamani, sura kama mkate. Imetumiwa na majeshi ya Ujerumani na ya Ubelgiji. Ni ya magurudumu manne yanayosukumwa yote, ya mzigo wa tani 5 kwa hesabu ya jeshi, na inakunywa mazuti. Moteri yake ni rahisi, fundi wa kawaida anaifahamu. Tena hii ilikuwa na mpira mmoja mmoja nyuma. Kamio nyingi zina mipira miwili miwili nyuma, na kwenye lami ni vizuri. Kwenye matope mipira miwili inalazimika kujichimbia njia yake mpya, pana kuliko ile ya mbele, na katikati yake mawe na udongo vinajaa. Mpira mmoja unafuata alama ya mpira wa mbele, njia ikiwa imeshakanyagwa.

Hii ndiyo tuliyoinunua. Si ya kupendeza kuliko zote. Ni ile ambayo tungeweza kuilisha, kuitengeneza na kuipitisha kwenye madaraja yetu. Hayo ndiyo maswali yetu matatu, na tunadhani yatawafaa hata mkikutana na kamio ya aina nyingine kabisa.

Yetu ilikuwa tayari nchini na karatasi zake. Ikiwa mnafikiri kuagiza kutoka ng'ambo, nendeni kwanza DGDA mkaulize kuhusu umri wa gari, kabla ya kutuma pesa, kwa sababu kuna mipaka iliyowekwa kwa magari ya zamani yanayoingia. Tazameni pia volanti iko upande gani: kamio za jeshi la Uingereza zina volanti ya kuume, na huku kwetu tunapita upande wa kuume wa barabara.

Kutazama kabla ya kulipa

Muuzaji atawaonyesha rangi mpya. Ninyi lalieni chini. Vaeni vitenge vya shamba, mpeleke tochi.

Tulitazama shasi kama imeungwa au imeliwa na kutu. Tulifungua oili ya moteri na ya ponti. Oili iliyo na rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia ndani. Tulifika asubuhi mapema, bila kumwambia muuzaji saa, ili moteri iwashwe ikiwa baridi. Tulidai iendeshwe, magurudumu yote manne yakisukumwa, katika udongo na si kwenye sakafu ya kiwanja. Tulidai pia tuone ponti inafungwa. Kufunga ponti ni kulazimisha gurudumu la kushoto na la kuume kuzunguka pamoja. Bila hilo, gurudumu moja likiteleza linachukua nguvu yote na lile lililo pakavu linabaki limesimama.

Kisha mpira. Ubavuni mwa mpira kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2314 ina maana juma la 23 la mwaka 2014. Gari la jeshi lililokaa ghalani linaweza kuwa na mipira yenye meno mazuri kabisa, nayo imezeeka kama ngozi kavu. Hata mipira midogo ya freni na ya oili inazeeka vivyo hivyo. Wekeni pesa ya kuibadilisha yote, hata muuzaji akiapa.

Andikeni kipimo cha mpira mkaulize bei mjini siku hiyohiyo. 12.00 R 20, ambayo kamio nyingi za machimbo zinavaa, inapatikana. Vipimo vingine vya jeshi mtavitafuta mpaka mchoke.

Mwisho, namba ya shasi ilinganishwe na ile ya karte roze, tarakimu kwa tarakimu. Mwalimu anayesahihisha mitihani kwa kazi hiyo ni mzuri kuliko fundi.

Kuitayarisha

Pesa zetu tulizigawa mafungu matatu: mawili ya kununua, moja la kutayarisha. Fungu hilo la tatu msiliguse hata bei ya kamio ikiwavuta. Kamio isiyotayarishwa itakaa uani mpaka kuku watage ndani.

Kitu cha kwanza kilikuwa mipira minne mipya yenye meno makubwa yaliyoachana. Meno yaliyobanana yanajaa udongo, na mpira unabaki laini kama sahani.

Cha pili hakikuwa na bei kubwa: kipimo cha upepo, na mpira mrefu wa kuvuta upepo kutoka kwenye tangi la freni za kamio yenyewe. Kwa kifaa hiki shofere anatoa upepo akifika kwenye matope na anaurudisha akitoka. Sisi tunashuka mpaka kilo 3 tukiwa na mzigo, hatuendi chini ya hapo, na kamio inatembea polepole kama mtu mwenye haraka. Ikirudi kwenye barabara ngumu, inajazwa kwanza. Mpira uliolala ukikimbizwa kwenye barabara ngumu unapata moto na kupasuka. Rimu za vipande vya kamio za zamani zinaweza kuruka wakati wa kujaza, kwa hiyo anayejaza anasimama pembeni na watoto wanafukuzwa mbali.

Cha tatu, vifaa vya mkono: majembe matatu, pauro mbili, panga, shoka, na mbao nene mbili. Kriki nzuri, na chini yake kipande cha ubao kipana, maana kriki nayo ina kisigino chake. Tulipata pia mabamba mawili ya chuma yenye matundu. Mabamba ya namna hiyo yalitengenezwa na Wamarekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kutandika viwanja vya ndege mahali pa udongo laini. Unalaza moja mbele ya kila gurudumu lililozama, kamio inapanda juu yake.

Cha nne, winchi, ile mashini ya mbele inayozungusha kamba ya chuma. Unafunga kamba kwenye mti mkubwa, na kamio inajivuta yenyewe. Mti tunauvika mkanda mpana au mifuko ili usichubuliwe, maana tutauhitaji tena. Hapa tunawaomba sana: kamba ya chuma ikikatika inakata mtu. Tunatupa koti zito au mfuko wenye udongo katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini, na kila mtu anakwenda mbali kuliko urefu wa kamba. Hakuna kuruka juu yake, hata kwa mzaha.

Cha tano, fundi alinyanyua juu mahali moteri inapovutia hewa, na kwenye zile tundu ndogo ambazo ponti inapumulia akaunga vimpira vinavyopanda juu. Ponti yenye moto ikiingia ghafla katika maji baridi inanyonya maji kupitia tundu hilo. Ndiyo ile oili ya rangi ya chai.

Cha sita ni bashi nzima isiyovuja, na mabenchi mawili ya mbao nyuma ya kabini yenye mahali pa kushika.

Tuliacha taa nyingi za juu, vyuma vya kupamba mbele, na mipira mikubwa kuliko ile ya kiwanda. Kijana mmoja alitushauri mipira mikubwa, lakini fundi alieleza kwamba inakaza mzigo kwenye meno ya ndani ya ponti mpaka yavunjike.

Rangi ya jeshi tuliiondoa kabla kamio haijatoka mjini. Sasa ni nyeupe na buluu. Kamio ya rangi ya kijani iliyokolea, ikifika saa za jioni kwenye kizuizi au kijijini, inatia watu hofu na inawaletea ninyi maswali marefu. Wamama wa kijiji wakimbie porini na watoto kwa sababu ya mahindi? Hapana.

Jina kwenye karatasi

Kabla ya safari ya kwanza tulibishana siku mbili kuhusu jina la karte roze. Wengine walipendekeza mume wa mmoja wetu, mtu mwema kweli. Tulikataa kwa heshima. Mtu mwema naye anaweza kufa, na ndugu zake wakaja uani na kamba.

Tulikumbushana kwamba sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ilirekebisha Kodi ya Familia. Ile kanuni ya zamani iliyomlazimisha mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria ilibadilishwa. Sasa mume na mke wanapaswa kuelewana. Basi kila mmoja wetu alizungumza na mume wake nyumbani, na kamio ikaandikwa kwa jina la chama. Waume wengine ndio waliokuja kupaka rangi.

Mifuko iliyobaki

Sasa tufike kwenye lile tulilosema litaleta ugomvi. Kamio yetu ni ya tani 5. Fundi na shofere walitushauri: wakati wa mvua, kwenye njia za vijiji, tani 2 na nusu, mifuko 50. Tulikubali wote kwa kupiga makofi, tukiwa tumekaa kwenye viti kivulini.

Mwezi wa kwanza, kijijini, mifuko ilikuwa 68. Wingu lilikuwa limesimama upande wa Luapula. Papa shofere alihesabu mpaka 50, akafunga mlango wa nyuma. Mifuko 18 ikabaki chini, na kwa bahati 11 kati yake ilikuwa ya mama mmoja, mjane, ambaye mtoto wake alikuwa amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya deni. Alilia. Akasema: "Wapendwa, mifuko 11 tu, kamio ni kubwa, inaonekana." Na kweli, ilionekana ina nafasi. Wengine wetu tukaanza kumwambia shofere, papa, tafadhali, pakia tu.

Hapo ndipo kamio nyingi zinazama. Zinazama kijijini, wakati wa kupakia, kwa sababu ya huruma au tamaa, halafu matope yanamaliza tu kazi. Kila mmoja anaongeza mfuko wake mmoja, na hakuna anayeona kwamba mfuko wake ndio uliozamisha.

Tulishusha mifuko yote, tukapanga upya. Tulisema: mifuko inayobaki ni ya wote. Kila mmoja aliacha sehemu yake kulingana na aliyokuwa nayo, na yule mjane akapakia 8. Pesa za mauzo ya kwanza zilitoa mkopo mdogo wa kulipa deni la shule siku hiyohiyo tulipofika. Mifuko 18 ilikaa nyumbani kwa mama mmoja wa kijiji, juu ya vipande vya mbao, tukaifuata safari iliyofuata. Kamio ilipita bonde lile la siku tatu kwa muda wa kuchemsha maharagi.

Tangu siku ile sharti hilo limeandikwa kwenye daftari la chama, na linasomwa kabla ya kupakia. Tumeweka mengine pia. Mtu anatangulia kwa miguu na fimbo kupima matope. Mvua ikiwa imenyesha na kizuizi cha mvua kimefungwa, tunangojea, hatumpi mtu kitu ili kifunguliwe, kwa sababu njia tunayoichimba leo ndiyo tutakayopita kesho. Gurudumu likianza kuzunguka bila kwenda, shofere anaacha mara moja na kurudi nyuma katika alama yake. Na hakuna mtu anayekaa juu ya mifuko, awe mama, kijana au askari anayeomba lifti. Mabenchi yana nafasi kumi. Mmeona ninyi wenyewe kamio zinavyokuja na watu juu kabisa ya mzigo, na wote tumewahi kulia msibani kwa ajili ya hilo.

Msimu uliopita tulifanya safari tisa. Mbili kati yake nafasi za mabenchi zilichukuliwa na wamama wajawazito waliokuwa wamekaribia, waliotakiwa hospitalini na hapakuwa na pikipiki iliyokubali kuingia katika yale maji. Mifuko ilipungua kwa ajili yao, na hakuna aliyelalamika.

Makundi yanayotaka kuanza, njooni siku ya mkutano wetu, Jumamosi baada ya kazi za nyumbani. Leteni daftari na kalamu. Tutawapa orodha ya maswali ya kumuuliza muuzaji, na fundi wetu amekubali kuja kuwaonyesha jinsi ya kusoma mpira na kupima oili. Lakini kabla ya kuja, ketini kwanza ninyi kwa ninyi mkubaliane neno moja: siku mifuko itakapobaki chini, itakuwa ya nani? Kundi ambalo limeshajibu swali hilo linaweza kununua kamio.